Neli ya Pitot na Majina ya Kanieneo

Mfasiri wa kitabu cha ufundi wa injini akifikia sura ihusuyo upimaji wa hewa katika kichwa cha silinda, hukuta mitego miwili hata kabla ya hesabu. Kamusi ya Kiingereza itampa neno "bandari" kwa ile njia ipitayo hewa kuelekea kwenye vali. Na jicho lenye haraka litasoma "rubani" mahali palipoandikwa Pitot. Mtego wa kwanza huepukwa kwa kusema "njia ya kuingizia" na "njia ya kutolea". Neno "tundu" halitoshi, kwani tundu ni mdomo tu, ilhali kipimwacho ni njia nzima pamoja na kona yake. Ama Pitot ni jina la mtu, nalo halitafsiriwi: Henri Pitot, mhandisi Mfaransa, aliyeitumia neli yake mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine mjini Paris. Ndege zilikuja baadaye sana.

Ugumu hasa umo katika kanieneo. Mafundi wa gereji husema "presha", nao huelewana, kwa kuwa aghalabu presha inayozungumzwa ni moja tu, ya tairi au ya mafuta. Katika neli ya Pitot zipo mbili, na kazi yote ya kifaa imo katika tofauti yao. Mdomo wa neli huelekezwa kule hewa itokako. Hewa ikiufikia husimama, na nguvu ya mwendo wake hugeuka kuwa kanieneo. Hii twapendekeza iitwe kanieneo kamili. Tundu la pili, lililo ubavuni mwa neli au katika ukuta wa njia, hupitwa na hewa bila kuikabili. Hilo husoma kanieneo tuli. Ncha hizo zikiungwa kwenye pande mbili za mrija wa U wenye maji, tofauti ya vimo huonyesha kanieneo ya mwendo.

Tuseme kichwa cha silinda kimefungwa juu ya meza ya kupimia, vali imeinuliwa, na pampu inavuta hewa kupitia njia ya kuingizia. Tofauti ya maji ikiwa milimita 100, hewa hapo inakwenda kama mita 40 kwa sekunde. Kasi ikifika mita 80, tofauti haiwi milimita 200 bali kama 400, kwani kanieneo ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Mwanafunzi aliyefundishwa "presha" tupu ataunga mdomo wa neli peke yake na kuacha upande wa pili wa mrija wazi. Hapo maji hayatasogea ila kidogo, hata hewa ikienda kwa kasi kubwa, maana kanieneo kamili ya hewa iliyovutwa kutoka nje haijapungua sana. Atahukumu kwamba hewa haipiti, achukue tupa, na kukwangua chuma kisicho na kosa.

Limebaki jambo la kona. Neli hii huwa nyembamba, isije yenyewe ikaziba njia, na husema kweli pale tu inapoikabili hewa sawasawa. Upande wa ndani wa kona, hewa iendayo mbio hushindwa kuufuata ukuta, na hapo kipimo huyumba. Kwa hali hiyo tumeona "kubanduka" kwafaa kuliko "kutengana", ambako tumezoea kukusikia katika habari za ndoa.