Dakika ya Ngapi? Dawa ya Kontrasti Katika Mwili wa Panya

Picha ya MRI ya uvimbe wa panya aliyedungwa dawa ya kontrasti, yaani dawa inayobadilisha mng'ao wa tishu kwenye picha, haisemi mengi mpaka ujue ilipigwa dakika ya ngapi. Nalisisitiza hili kwa sababu dawa yenyewe haitulii mahali pamoja.

Dawa zinazotumika zaidi hubeba gadolini, metali iliyofungwa ndani ya molekuli ili isidhuru mwili. Hudungwa kwenye mshipa wa mkia, huzunguka na damu, huvuja nje ya mishipa, hurudi, kisha figo huzitoa kwa mkojo. Kwa binadamu mwenye figo nzima, nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa takriban saa moja na nusu. Kwa panya mdogo wa maabara haifiki nusu saa. Panya wa gramu 25 ana damu mililita 2 hivi tu, na moyo wake hupiga mara mia kadhaa kwa dakika. Ndiyo maana mtafiti huanza kupiga picha kabla ya kudunga, kisha huendelea kila baada ya sekunde chache.

Akichora grafu ya mng'ao kadiri muda unavyopita, kila tishu hujitambulisha. Ubongo wenye afya karibu haubadiliki, kwa kuwa mishipa yake haipitishi dawa. Msuli hung'aa polepole. Saratani yenye mishipa inayovuja mara nyingi hupanda ghafla, kisha hushuka mapema.

Ila kung'aa zaidi si lazima kumaanishe dawa zaidi. Tazama kibofu: mwanzoni mkojo hung'aa, kisha dawa inaporundikana, sehemu ya chini hugeuka nyeusi. Gadolini kidogo huipa nguvu ishara ya maji; ikizidi mno, ishara huzimika kabla mashine haijaisoma. Mtu akisoma weupe peke yake, atapotoka.

Joto nalo lipimwe. Panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hupoa haraka, mzunguko wa damu hubadilika, na grafu hubadilika nao. Bila kipimajoto, badiliko lililoletwa na baridi linaweza kuhesabiwa kuwa mafanikio ya tiba mpya.

Tena dawa haitoki yote. Mwaka 2014 Tomonori Kanda na wenzake nchini Japani waliripoti dalili zake katika ubongo wa wagonjwa waliodungwa mara nyingi, na majaribio ya panya yakaonyesha kuwa gadolini hubaki, hasa ile isiyozungukwa na molekuli pande zote. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisitisha matumizi ya kadhaa kati ya dawa za aina hiyo.