Kukagua Nyumba Mpya Katika Ardhi ya Bariadi

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao yake makuu, mji huo uliojulikana zaidi kwa pamba ulianza kuvaa sura nyingine: watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wakulima waliojaliwa mavuno wakashika kujenga, na aghalabu nyumba zao hujengwa na fundi mmoja na vibarua wake, pasipo mkandarasi wala mhandisi, kwa kuwa ujira wa mtaalamu humwelemea mtu aliyekwisha kumaliza akiba yake kwa saruji na mabati. Mtu wa namna hiyo hakosi njia ya kuijua hali ya nyumba yake kabla hajahamia. Lakini sharti aanzie chini, kwenye udongo, kabla macho yake hayajashughulishwa na rangi na vigae.

Wasukuma, wenyeji wa huku, waliigawa ardhi yao kwa majina tangu zamani. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinukoni, karibu na majabali; mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, wenye rutuba ya kusifika; na kati yake kuna aina nyingine ambazo mkulima huzitambua kwa jembe lake. Mpangilio wa namna hii, wa udongo unaobadilika kadiri mteremko unavyoshuka, ndio Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, aliouingiza katika elimu ya udongo ya dunia mwaka 1935. Na Msukuma alikuwa akiufuata katika kuchagua pa kulima bila kungoja ruhusa ya elimu hiyo. Mwenye kujenga naye hana budi kuufuata, maana mbuga hunywa maji ikavimba wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei, kisha kiangazi huisinyaza hata ikapasuka nyufa za kupitisha mkono. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa upande huu na kushushwa upande ule mwaka baada ya mwaka, na ukuta, kwa kuwa hauna tabia ya kupinda, hupasuka.

Basi, nenda kiwanjani mwishoni mwa kiangazi utazame ardhi iliyo wazi kuizunguka nyumba. Ukiiona nyeusi na imepasuka, mwulize fundi msingi ulishuka kiasi gani, kama udongo mweusi uliondolewa na kifusi cha changarawe kikashindiliwa mahali pake, na kama upo mkanda wa zege wenye nondo chini, na mwingine juu ya madirisha. Majibu yakiwa ya kigugumizi, chimba kwenye pembe moja ya nyumba mpaka uuone mwisho wa msingi kwa macho yako. Ni kazi ya jembe ya nusu siku, na kishimo chenyewe hufukiwa siku hiyo hiyo.

Nyufa nazo zina lugha yake. Zile nyembamba zilizotapakaa ukutani kama utando wa buibui ni za plasta iliyokauka kwa haraka, wala hazina madhara makubwa. Ufa wa kuogopwa ni ule unaoanzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari, ukifuata maungio ya matofali ngazi kwa ngazi, na ambao sarafu huingia ndani yake. Fundi atakwambia, "Mzee, hiyo ni plasta tu." Usibishane naye. Chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa saruji kikiukatiza ufa, uandike tarehe kando yake, nawe ungoje mvua: kioo kikikatika, ardhi ingali inakwenda, na kuziba ufa huo kwa rangi ni kujidanganya.

Ukuta hupimwa kwa timazi, na pembe kwa kamba: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, na mshazari wake usipotimia mita 5 kamili, pembe hiyo si mraba. Sakafu ya bafu imwagie ndoo ya maji uone yanakokimbilia. Matofali ya kuchoma, ambayo huku ni mengi, gonganisha mawili: yaliyoiva hutoa mlio mkavu wa kupendeza, na mabichi hutoa mlio mzito. Sakafu ya saruji ikwangue kwa msumari. Ikitoka unga, basi mchanga ulizidi au zege halikunyweshwa maji siku saba za mwanzo, na kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko yote mengine, kwa kuwa maji ni ya kununua na kibarua hupenda kwenda zake mapema.

Paa likague adhuhuri, milango na madirisha yakiwa yamefungwa na dari bado haijapigwa: nuru itakuonyesha kila tundu la msumari. Kisha tazama kama kenchi zimefungwa kwa nondo au waya zilizotoka ndani ya mkanda, au zimelazwa tu juu ya ukuta, maana upepo unaotangulia mvua za kwanza hauna simile.

La choo husahauliwa na wengi. Mbuga iliyoshiba haifyonzi maji, hivyo shimo la majitaka hujaa upesi ajabu. Chimba kijishimo, kijaze maji, uone yanashuka kwa muda gani, nawe ulifanye hilo wakati wa mvua.

Yapo yasiyomhusu mtu asiye na ujuzi. Nyaya za umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Na ghorofa usithubutu kabisa kuikagua kwa kamba na ndoo. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, liliua watu 36, na lile la Kariakoo, Novemba 2024, liliwafukia wafanyabiashara wakiwa kazini.

Ama kuhusu malipo, serikali katika mikataba yake huzuia sehemu ya fedha za mkandarasi mpaka muda wa kutazama kasoro upite, na mwenye nyumba ya vyumba vitatu anaweza kuuiga utaratibu huo: zuia sehemu ya ujira mpaka msimu mmoja wa mvua upite, na mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Fundi asiyelitaka sharti hilo mwulize sababu kabla hajachimba msingi, wakati ungali na hiari ya kumwita mwingine.