Wanawake wa Mieleka: Kutoka Nusu Dakika Hadi Pambano la Mwisho

Barazani kwetu wengi husema mieleka ya WWE ni ya wanaume, wanawake ni pambo tu. Zamani ilikuwa hivyo. Februari 2015, pambano la wanawake wanne kwenye kipindi cha Raw lilimalizwa kwa takriban nusu dakika. Mashabiki wakakasirika, wakajaa Twitter kudai wanawake wapewe nafasi.

Mwaka uliofuata jina la "Divas" likafutwa. Tarehe 7 Aprili 2019, Becky Lynch aliwashinda Ronda Rousey na Charlotte Flair katika pambano la kufunga WrestleMania 35, mara ya kwanza kwa wanawake. Najua, matokeo hupangwa. Lakini hata muda hupangwa, na kupewa kufunga usiku ule ndiyo heshima yenyewe.

Mimi lakini nalikumbuka zaidi la Riyadh, 31 Oktoba mwaka huo huo. Mwaka mmoja nyuma, kule Jeddah, wanawake hawakushirikishwa kabisa. Safari hii Natalya na Lacey Evans walipanda ulingoni wamefunika mikono na miguu, na fulana juu. Wanaoniambia mchezo huu wauza miili tu, nawaomba walitazame pambano lile. Natalya alishinda, kisha wakakumbatiana.