Apewaye fidia michezoni ana deni la ukweli

Mnyonge hana haki, walinena wahenga, na yeyote ambaye ametazama mashindano ya michezo kwa muda mrefu hatakosa kuyakubali maneno hayo. Mwenye mbio hutangulia, mwenye misuli huangusha, na aliyefanya mazoezi kwa miaka kumi humshinda aliyeanza jana. Hata hivyo, iko michezo kadhaa ambayo imejaribu kumpa mnyonge haki yake ndani ya kanuni zenyewe. Kabla ya pambano kuanza, mchezaji dhaifu hupewa nyongeza fulani, ili yeye na bingwa wakutane wakiwa na matumaini yanayokaribiana. Mpango huo huitwa hendikapu. Mimi nitauita fidia katika makala haya.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ni nani anayestahili fidia hiyo, na afanyweje yule anayeipokea ilhali haimstahili? Nitautumia mchezo wa pool kuwa mfano. Ninajua kwamba wenzangu wengi walimu hukunja nyuso wausikiapo mchezo huo, kwa sababu wameuzoea katika mabaa, na wamewahi kuwafuata huko wanafunzi watoro. Nawaomba wanivumilie. Funzo lililomo ndani ya meza ile yenye mashimo sita linatuhusu sana sisi tunaoishi kwa kupima watu.

Neno lenyewe lina historia ya kuelimisha. Huko Uingereza katika karne ya 17, watu wawili waliotaka kubadilishana vitu walimwita mwamuzi akadirie tofauti ya thamani iliyokuwepo. Kila mmoja alitia mkono kofiani, na jinsi alivyoutoa ndivyo alivyoonyesha kama ameukubali uamuzi au ameukataa. Baadaye utaratibu huo ukaingia katika mbio za farasi, ambapo farasi bora alibebeshwa uzani zaidi kuliko wenzake. Tangu mwanzo, basi, fidia ilitegemea mambo mawili: mwamuzi anayeaminika, na thamani inayoonekana wazi mbele ya macho yake.

Katika pool, mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Mnamo 1979 wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi ya wachezaji wa ridhaa ambayo leo hujulikana kama American Poolplayers Association. Katika mchezo wa mipira minane, kila mwanachama hupewa daraja, kuanzia la 2 hadi la 7. Mtu wa daraja la 7 akipambana na wa daraja la 2, huyo bingwa hana budi kushinda michezo 7, ilhali mwenzake anahitaji kushinda miwili tu. Aidha, timu huwateua wachezaji watano kwa kila pambano, na kwa kawaida jumla ya madaraja yao haipaswi kuzidi 23. Mwalimu wa hisabati ataona mara moja kusudi la kanuni hiyo. Mabingwa watano wa daraja la 7 wangefika 35, kwa hivyo kila timu hulazimika kuwakaribisha wanagenzi na kuwatunza.

Huo ni mpango wa busara. Mfanyakazi wa kiwandani na karani wa ofisi, ambao hupata fursa ya kucheza jioni moja tu kwa wiki, huweza kukabiliana na mjuzi bila kuaibishwa. Mjuzi naye hulazimika kucheza kwa makini, maana akizembea kidogo atashindwa na mwanafunzi wake. Lau kusingekuwa na fidia, wengi wangeliingia mashindanoni mara moja, wakanyukwa, wasirudi tena.

Lakini hapa ndipo penye tatizo. Mahali ambapo udhaifu hulipwa, wenye nguvu hujifunza kuwa dhaifu. Mchezaji mwerevu huukosesha mpira tundu kwa tofauti ya unywele. Hurefusha mchezo ambao angeumaliza kwa zamu mbili, na pengine hukubali kushindwa katika mapambano yasiyo na uzito. Daraja lake hubaki chini, na siku ya zawadi kubwa ikiwadia huutoa ustadi wake wote mfukoni. Kanuni iliyotungwa kumlinda mnyonge huwa silaha mkononi mwa mwenye nguvu aliyejivika matambara.

Tuulinganishe udanganyifu huu na mwingine tuujuao. Bondia hupandishwa kwenye mizani, na mizani haisikilizi maneno yake. Mchezaji wa michezo ya shule huulizwa cheti cha kuzaliwa, na ingawa vyeti hughushiwa, umri wenyewe haubadiliki kwa matakwa ya mtu. Ustadi ni kitu tofauti. Hauonekani ila mwenyewe aamue kuuonyesha. Katika mashindano ya fidia, anayepimwa ndiye anayeishika mizani.

Ndiyo maana michezo yenye uzoefu mrefu imejitahidi kuiondoa mizani hiyo mkononi mwake. Katika ligi hiyo ya Marekani, waandishi wa alama huhesabu zamu za kila mchezaji, na huweka alama ya pekee anapokosa kwa makusudi, ili kosa hilo lisihesabiwe kuwa ushahidi wa udhaifu. Gofu nayo, mchezo uliokita mizizi hapa Kenya, hufuata mfumo wa dunia nzima uliozinduliwa mwaka wa 2020. Katika mfumo huo, kiwango cha mchezaji hukadiriwa kutokana na matokeo 8 bora miongoni mwa 20 ya karibuni. Siku zake mbaya hazisikilizwi sana. Siku zake nzuri ndizo zinazomsema. Tena kiwango hicho hakiwezi kupanda zaidi ya mipigo 5 juu ya kile bora alichokuwa nacho katika siku 365 zilizopita. Na akicheza vizuri kupita kiasi siku moja, fidia yake hupunguzwa papo hapo.

Tatizo la pili ni la mgeni asiye na kumbukumbu. Mfumo mwingine wa Marekani, uitwao FargoRate, huwapa wachezaji wa pool alama kiasi kwamba pengo la alama 100 humaanisha mwenye nguvu atashinda michezo miwili kwa kila mmoja wa mwenzake. Hata hivyo, mfumo huo hauhesabu kwamba kiwango cha mtu kimethibitika mpaka michezo yake 200 iwe imeandikwa. Linganisha jambo hilo na mashindano yetu ya mitaani, ambapo mtu hushuka kwenye matatu asubuhi, hulipa ada, hutaja jina lolote, na kufikia adhuhuri amekwisha kupangwa katika kundi la wanagenzi.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuketi katika kamati ya mashindano madogo ya aina hiyo, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Zawadi ilikuwa mbuzi pamoja na kiasi fulani cha fedha. Mshindi wa kila pambano alikuwa yule ambaye angetangulia kupata michezo mitano, na mchezaji wa kundi la chini alipokutana na wa kundi la juu alianza akiwa na miwili mkononi. Kabla ya jua kutua tulikuwa na mashtaka mawili mezani.

Shtaka la kwanza lilimhusu kijana fundi wa baiskeli. Alikuwa amewekwa katika kundi la chini kwa sababu mwaka uliotangulia alishindwa katika raundi ya kwanza. Safari hii aliwaangusha watu watatu wa kundi la juu, mmoja baada ya mwingine. Walioshindwa walipiga kelele kwamba alijificha, na wakataka aondolewe. Tulimhoji. Alisema kwamba kwa mwaka mzima alifanya mazoezi kila jioni baada ya kufunga kibanda chake, na mwenye meza akathibitisha. Hakuna swali katika fomu yetu ambalo alikuwa amelijibu kwa uongo.

Shtaka la pili lilimhusu mgeni mmoja mkimya, ambaye alituambia kwamba hajawahi kushiriki katika mashindano yoyote. Dereva wa lori aliyekuwa akitazama alimtambua, akamtaja kwa jina lingine, na kusema kwamba alimshuhudia akitwaa ushindi katika mji wa mbali miezi michache tu iliyotangulia. Mgeni alipoulizwa hakukana. Alisema tu kwamba hakuona haja ya kutueleza.

Wapo wanakamati waliotaka wote wawili waadhibiwe sawasawa, kwa hoja kwamba wote walikuwa wamepokea fidia wasiyoihitaji. Mimi nilishikilia kwamba mambo hayo mawili ni mbali kama mbingu na ardhi. Kijana yule alikuwa amekua. Mgeni alikuwa amejificha. Tulimwondoa mgeni. Kijana tulimwachia nafasi yake na ushindi wake, kisha tukaandika daftarini kwamba kuanzia siku hiyo atacheza katika kundi la juu. Baadhi ya walioshindwa waliondoka wakinung'unika, na sidhani kwamba wameturidhia hadi leo.

Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki, na sababu yake ndiyo inayonifanya niwaandikie walimu na wanafunzi. Mashindano ya fidia yanayomwadhibu mtu kwa kuongeza ujuzi huwafundisha washiriki kwamba ni hatari kujifunza. Je, hatujaliona jambo hili madarasani? Mwanafunzi ambaye siku zote alivuta mkia hurejea baada ya likizo, akapata alama za juu, na neno la kwanza linalomtoka mwalimu ni: "Umeiba wapi?" Huenda ameiba, na wizi wa mitihani ni donda ndugu katika nchi yetu. Lakini huenda pia alikesha akisoma kwa mwanga wa koroboi. Alama za juu peke yake si ushahidi wa hatia. Mwalimu aliye mwadilifu huchunguza kwanza, humpa mtoto nafasi ya kuonyesha ajuayo, kisha ndipo anapohukumu.

Kwa upande mwingine, tusiwe wepesi wa kumsamehe aliyejificha. Shule inayomsajili mamluki aliyekwisha kumaliza masomo ili ishinde kombe la wilaya haitofautiani na mgeni wetu yule. Wote wawili wamechukua nafasi iliyotengewa mtu mwingine. Na mwenye kudhulumiwa hapo si bingwa, ambaye kesho atapata shindano jingine. Ni mnagenzi halisi, yule ambaye fidia ilitungwa kwa ajili yake, ambaye hurudi nyumbani akidhani kwamba hana kipawa, kumbe ameshindana na mtu asiyekuwa wa kiwango chake.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuifuta fidia kabisa, kila mtu avune alichopanda, na aliye bora ashinde. Hoja hiyo ina uzito, na ni vyema pawepo mashindano ya wazi ambamo bingwa hatozwi chochote kwa ubingwa wake. Lakini kuifuta fidia kila mahali kwa sababu wako wanaoitumia vibaya ni sawa na kuifunga zahanati kwa sababu wako wanaojisingizia ugonjwa. Walio wagonjwa kweli ndio watakaoumia.

Napendekeza, basi, mambo machache kwa yeyote anayeandaa mashindano ya namna hii, yawe ya pool, ya drafti au ya riadha shuleni. Kwanza, kanuni za kustahili ziandikwe na kubandikwa ukutani kabla ya ada kulipwa. Kanuni inayotungwa baada ya mtu kushinda si kanuni bali ni kisasi. Pili, fomu imwulize kila mshiriki waziwazi amecheza wapi, ameshinda nini, na kwa majina gani, ili atakayedanganya awe amejihukumu mwenyewe. Tatu, matokeo yahifadhiwe mwaka hadi mwaka, na yeyote aruhusiwe kuyasoma. Nne, anayeshtakiwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Tano, mwanakamati mwenye mchezaji wake mashindanoni asipewe kalamu ya kupanga makundi, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwisho, aliyeongeza ujuzi apandishwe daraja kwa ajili ya kesho, wala asinyang'anywe alichokishinda leo.

Yote hayo hayataweza kumnasa kila mjanja. Daftari huandika yaliyotendeka, haliandiki nia ya moyo. Ndiyo maana ninasema kwamba fidia ni mkataba. Jamii humwambia mchezaji dhaifu, "Tutakuongezea ili upate kusimama mbele ya mwenye nguvu." Naye, kwa kuipokea, huahidi kwamba udhaifu huo ni wa kweli, na kwamba ataonyesha nguvu zake zote kila ashikapo fimbo. Anayeivunja ahadi hiyo huwaharibia wote watakaomfuata, maana baada yake hata mnyonge wa kweli hatazamwi ila kwa jicho la shaka.

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo ni wa kweli. Tuwafunze pia kwamba mwenye kukubali kushindwa kwa makusudi, ili kesho ahurumiwe, naye si mshindani.