Utando wa Chanikiwiti katika Sanduku la Samaki

Siku hizi si ajabu kuingia nyumbani mwa mtu ukakuta sebuleni sanduku la kioo limejazwa maji, na samaki wadogo wa kupendeza wakizunguka ndani. Nasi kwetu twalo. Mjukuu wangu aliliomba mwaka mzima hata baba yake akamnunulia. Wiki ya tatu vioo vikafanya kitu kama vumbi la kahawia, kisha utando wa chanikiwiti ukapanda kila mahali, samaki wakawa waonekana kama walio nyuma ya pazia.

Mimi niliyezoea kusugua birika la msikiti nikaona dawa ni ile ile. Nikawatia samaki ndooni, nikamwaga maji yote, nikaosha mchanga na sifongo ya chujio kwa maji ya mfereji mpaka vikatakata, nikajaza upya. Siku ya tatu samaki wanne katika sita walikuwa wameelea, wamekufa. Mtoto hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Babu, kwani maji hayakuwa safi?" Sikuwa na jawabu, ikanilazimu kwenda kuwauliza wajuao.

Kumbe samaki hutoa katika matamvua yake sumu iitwayo amonia. Mchangani na katika chujio hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru samaki ikiwa kidogo. Vijidudu hivi huhitaji wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, vipate kuenea katika chombo kipya, na klorini ya maji ya mfereji huviua. Basi mimi nilidhani nafagia uchafu, kumbe nawaua watumishi wa nyumba!

Na huo utando ni mwani mdogo wa maji matamu. Chakula chake ni hiyo nitrati na mabaki, pamoja na mwanga. Ule wa kahawia ni desturi ya chombo kipya, na aghalabu hutoweka wenyewe baada ya wiki chache. Wa chanikiwiti hautoki mpaka upunguziwe riziki.

Taabu hii si ya leo. Mwaka 1850 bwana mmoja mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu na mimea ya majini katika chombo cha galoni 12. Majani yalipooza, maji yakachafuka na utando ukashika pande zote. Akatia konokono wa majini, wakaula utando na majani yaliyooza, na maji yakatakata. Lakini wasomaji wetu wasiende kuokota konokono mabwawani, kwa kuwa katika nchi zetu baadhi yao ndio wachukuao kichocho, na mikono ya watoto haikosi kuingia majini.

Sisi tulilihamisha sanduku mbali na dirisha la jua, na taa yake haiwaki zaidi ya saa 8 kwa siku. Tukatia mimea hai, nayo hunyang'anyana chakula na mwani. Kila wiki twabadili robo ya maji, si zaidi, kwa maji yaliyolala ndooni wazi siku nzima ili klorini iruke. (Kuna miji itiayo kloramini, nayo hairuki kwa kulazwa, hapo hutakiwa dawa ya dukani.) Sifongo huikamua katika maji yale yale yaliyotolewa sandukuni.

Lakini lililotushinda zaidi lilikuwa chakula. Niligundua kwamba mtoto huwalisha asubuhi, mama yake adhuhuri, na mimi, nikiwaona wakija kiooni, huwahurumia jioni! Wasichokila huoza, kikawa karamu ya mwani. Sasa kopo analo mjukuu peke yake, hutia kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Samaki wawili waliosalia wapo, na hatujaongeza wengine. Kioo cha mbele twakifuta kwa kitambaa kisichotiwa sabuni. Cha nyuma kingali na chanikiwiti kidogo, tumekiacha, maana samaki hukidonoa mchana kutwa.