Sasa Hivi ni Saa Ngapi?

Nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la treni la Hallonbergen, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, namngoja shemeji. Kuta za kituo hiki, kilichofunguliwa mwaka 1975, zimejaa michoro ya kitoto ya Elis Eriksson na Gösta Wallmark, kwa hiyo mtu hakosi cha kutazama. Nikampigia simu. “Uko wapi, shemeji?” “Nafika sasa hivi, shemeji.” Treni mbili za Akalla zikapita, hajatokea. Sikuudhika. Alichosema nilikielewa: yuko njiani, nisiondoke.

Kazi yangu ni ukalimani, na swali ninaloulizwa mara kwa mara na Waswahili wa hapa linahusu neno hilohilo. Wengi hupanda treni ya buluu kwenda Kista, kituo kinachofuata, yaliko makao makuu ya Ericsson na ofisi nyingi ambamo barua pepe huandikwa kwa Kiingereza. Wanasoma “now”, “right now”, “currently”, “presently”, na wanauliza: si yote ni “sasa” tu?

Tuanze na letu. “Sasa hivi” ina nyuso tatu. Alikuwa hapa sasa hivi: limepita. Anakula sasa hivi: linaendelea. Atakuja sasa hivi: bado. Profesa John Mbiti wa Kenya, alipochukua maneno yetu “sasa” na “zamani” kuelezea wakati katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, aliiona “sasa” hivyohivyo: imeshika yaliyopita karibuni, yaliyopo na yaliyo mlangoni. Kinachotuokoa tusipotee ni kitenzi. Viambishi -li-, -na- na -ta- ndivyo vinavyobeba wakati, na “sasa hivi” inakaza tu kwamba umbali ni mfupi. Ila shemeji alisema “nafika”, akatumia umbo la sasa kwa jambo la mbele, na hapo msikilizaji hubaki na mazoea yake tu.

Kiswidi kimegawa kazi hiyo kwa maneno matatu. Lililopita punde ni “nyss”, linaloendelea ni “just nu”, litakalotokea punde ni “strax”. Ukimwambia Mswidi “just nu”, atainua macho akutafute mlangoni.

Kiingereza nacho kina yake. “Now” ni pana kama “sasa” yetu, na “right now” inaibana iwe dakika hii. Meneja akikuandikia kwamba hana nafasi “at the moment”, hajafunga mlango. Hiyo ni “kwa sasa”, hali inayoweza kubadilika kesho. “For now” inakwenda mbali zaidi, inadokeza kwamba mpango huu unashikiliwa tu mpaka upatikane mwingine. “Currently” ni neno la fomu na ripoti, linaeleza hali ilivyo bila haraka. “Nowadays” haihusu saa hata kidogo, inahusu siku hizi zikilinganishwa na zamani.

Mtego mkubwa ni “presently”. Kwa Mwingereza kwa kawaida ni baadaye kidogo. Kwa Mmarekani na Mskoti ni wakati huu. Mmarekani akiandika kwamba ombi lako linashughulikiwa “presently”, mwenzake wa London anaweza kudhani halijaguswa. “Just now” kwa Mwingereza imepita punde au inaendelea, ilhali Afrika Kusini ni baadaye, pengine baadaye sana. Wakitaka mapema zaidi huko husema “now now”, kwa kurudia, kama sisi tunavyosema “hapa hapa”.

Ndugu zetu wa Kivu waliokuja na Kifaransa wana mtego wao. “Actuellement” ni hivi sasa, na “aktuell” ya Kiswidi inawaunga mkono, lakini “actually” ya Kiingereza ni “kwa kweli”. Ukiandika kwenye maombi ya kazi “I actually work in Kista”, msomaji anaona kama unamkanusha mtu aliyesema hufanyi kazi huko.

Wapo wanaosema “sasa hivi” yetu ni ushahidi kwamba hatujali wakati. Nawapinga kabisa. “Soon” ya Waingereza, enzi ilipokuwa “sona”, ilimaanisha papo hapo. Leo ni baadaye. “Presently” katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, kwenye kisa cha mtini, Mathayo 21, bado ni papo hapo. “Strax” ya Waswidi nayo ilianza hivyo. Watu wa kila lugha huahidi upesi kuliko wanavyotenda, na neno la haraka hulegea kadiri linavyotumika.

Barua za ofisini zikieleweka vibaya, hurekebishwa. Ninachokihofia ni hospitali. Mama anasema “mtoto ametapika sasa hivi”, kijana wake anamkalimania kwa “just nu”, na muuguzi wa simu ya 1177 anaelewa kwamba mtoto bado anatapika. Alipaswa kusema “nyss”. Vilevile daktari akiagiza dawa inywewe “genast”, nawe ukasema “ameze mara moja”, umesema mawili kwa pamoja: ameze papo hapo, au ameze kidonge kimoja basi. Mgonjwa atachagua mwenyewe, naye hajui kama kuna la kuchagua. Mimi siku hizi husema “ameze hapo hapo, asingoje”, na idadi naitaja peke yake.

Kwa hiyo ukimsaidia mzazi au jirani mbele ya daktari, usiishie kwenye “sasa hivi”. Muulize lilianza lini, lingali linaendelea au limekoma, kisha mpe daktari saa yenyewe. Na unapoitaja, kumbuka kwamba “halv sju” ya Kiswidi, ingawa inasikika kama saba na nusu, ni nusu saa kabla ya saba: kwetu sisi, saa 12 na nusu.