Boila Huliwa Likilala

Juni inapoingia Mufindi na Njombe, mvua hukatika, baridi hukaza na michai hupunguza kuchipua. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni langoni mwezi Machi sasa huja machache. Kiwanda chenye maboila mawili huzima moja, mlango wa tanuri hufungwa, mchochea kuni hupewa kazi nyingine, na kila mtu huamini kwamba mtambo ule umepumzika. Mimi ni fundi wa maboila, na nasema hapo ndipo unapoanza kuliwa.

Boila la kuni la kiwanda cha chai ni pipa kubwa la chuma lililojaa maji, na ndani yake imepita mirija mingi. Moto na moshi wa kuni za mikaratusi hupita ndani ya mirija, maji yanayoizunguka huchemka, na mvuke huenda kwenye radieta zinazopasha hewa ya kunyaushia na kukaushia majani. Robo tatu ya uzito wa jani bichi, na zaidi, ni maji. Chai iliyokauka hubaki na asilimia 3 hivi. Ndiyo maana kilo 1 ya chai hudai kilo 4 na nusu hadi 5 za jani. Boila likigoma wakati wa mavuno, jani halingoji. Huoza, na mkulima ndiye anayepata hasara.

Likiwa kazini, boila hujilinda kwa kiasi fulani. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni katika kila lita, lakini yakichemka oksijeni hiyo karibu yote hutoka. Ukizima moto, mvuke hugeuka maji, ndani panabaki ombwe, na hewa huvutwa kupitia kila upenyo. Oksijeni imerudi. Kutu inayofuata haienei sawasawa mwilini mwa chuma. Huchimba vishimo vidogo, hasa kwenye mstari ambapo maji hukutana na hewa. Upande wa moshi nako, majivu ya kuni yana chumvi zinazovuta unyevu. Ukungu wa Mufindi ukiingia kupitia dohani, majivu na masizi hugeuka uji unaokula mirija polepole. Nimewahi kufungua boila lililozimwa likiwa na maji nusu kwa miezi mitatu. Kwa nje rangi yake iling'aa. Kwa ndani, ncha ya kalamu iliingia kwenye vishimo.

Kwa hiyo matengenezo huanza siku ya kuzima. Liache boila lipoe lenyewe. Ukimwaga maji wakati matofali ya tanuri bado yana moto, tope laini hukaukia kwenye mirija na kuwa gamba gumu, na chuma kinachopozwa ghafla huanza kuvuja kwenye maungio. Subiri geji isome sifuri na tanuri lipoe, fungua tundu la hewa la juu, kisha umwage maji na kuosha ndani kwa mpira wa maji ya presha kabla tope halijakauka.

Upande wa moto, piga brashi ya waya mrija mmoja baada ya mwingine. Ondoa majivu chini ya wavu wa kuni, nyuma ya ukuta wa matofali na kwenye kitako cha dohani, kisha ifunike dohani kwa bati. Kazi hii ina malipo yake: moshi unapotoka ukiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya kawaida, karibu asilimia 1 ya nishati ya kuni zako inapotelea angani.

Sasa amua namna ya kulilaza. Kwa mapumziko yasiyozidi mwezi, lijaze maji hadi juu kabisa, pasibaki nafasi ya hewa. Yawe maji yaliyotiwa dawa: sodiamu salfaiti, gramu 8 hivi kwa kila gramu 1 ya oksijeni na akiba juu yake, pamoja na kostiki ya kuweka pH juu ya 10.5. Kwa mapumziko marefu zaidi, likaushe kabisa, weka ndani trei za silika jeli au chokaa isiyozimwa, ufunge kila tundu na kukagua kila mwezi. Trei ya chokaa isijazwe, kwa sababu chokaa hutanuka ikinyonya maji, na huchoma ngozi na macho. Ama lijae, ama likauke. Kuliacha nusu ndiko kunakoliua.

Kabla mtu hajaingia ndani kusafisha au kukagua, kuna jambo lisilo na mjadala. Maboila mawili mara nyingi hushiriki bomba moja la mvuke. Vali ya upande wa boila lililozimwa lazima ifungwe, itiwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia. Hewa ya ndani ipimwe, na mtu mwingine asimame mlangoni muda wote. Katika presha ya bar 10 mvuke una joto la nyuzi 180 hivi; haumpi mtu nafasi ya kukimbia.

Kipindi hiki pia ndicho cha kufungua vali ya usalama, kusafisha kioo cha kuonyesha maji, kujaribu kengele ya maji kupungua, na kumwita mkaguzi wa boila. Tarehe 20 Machi 1905, katika kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, jimbo la Massachusetts, boila jipya lilikuwa limezimwa kwa matengenezo, likawashwa la zamani lililokuwa la akiba. Lilipasuka, likatoboa paa, jengo likaanguka na kushika moto. Watu 58 walikufa. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga sheria ya maboila. Boila la akiba lastahili kukaguliwa sawa na lile linalofanya kazi kila siku.

Kiangazi hicho hicho kausheni kuni. Mkaratusi uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake, na kilo moja hutoa joto la megajuli 8 hivi. Ukipasuliwa na kupangwa chini ya paa penye upepo hadi ubaki na asilimia 20 ya maji, kilo hiyo hutoa megajuli 14 au zaidi. Mti ni ule ule, msitu ni ule ule.

Kwa mameneja nina ombi moja la gharama ndogo. Siku boila linapozimwa, tundikeni kadi kwenye mlango wa tanuri: limezimwa lini, limelazwa kavu au limejazwa maji, nani amelikagua, na ukaguzi unaofuata ni tarehe gani. Anayeweka sahihi kwenye kadi ile hatasahau kwamba boila lipo. Na Novemba, mvua ya kwanza ikinyesha, mchochea kuni atasoma kadi hiyo kabla ya kuwasha kiberiti.